Ampu Ilihama: Kwa Nini Spika za Mzee Hazilii kwa Kompyuta Yako

Swali ambalo nimeulizwa kushinda yote mwaka huu si la siasa wala si la mpira. Ni hili: "Bro, nimepata spika mbili kubwa za mbao kwa stoo ya babangu, nimekata waya nikaunga pini ya AUX, nimechomeka kwa kompyuta, zalia kama mbu. Ni spika zimekufa ama ni kompyuta?" Limetoka Mtongwe, limetoka Mlaleo, limetoka Mikindani mara mbili, na dada mmoja wa Chaani alinitumia hadi video, spika iko kwa sakafu na yeye ameinamisha sikio kama daktari anasikiza moyo.

Jibu fupi: hakuna kilichokufa. Kuna kitu kinakosekana hapo katikati, chaitwa amplifaya, sisi mtaani twaiita ampu. Kama una haraka ruka mpaka chini ukajue venye inafungwa. Lakini mimi nataka kwanza niwaeleze hio ampu ilienda wapi, kwa sababu haikupotea, ilihama. Imehama mara kadhaa ndani ya hii miaka mia, na kila ikihama kuna vitu vizuri vinaachwa nyuma vikionekana takataka. Saa hii ukitembea nyumba za Likoni mpaka Miritini utapata spika nzima kabisa zimegeuzwa meza za kuwekea jagi la maji. Nyengine zishatolewa sumaku na watoto. Roho yaniuma.

Tuanze na spika yenyewe. Spika ni kitu rahisi mpaka utacheka. Ni koili ya waya wa shaba iliyoning'inia ndani ya sumaku, imegundishwa kwa karatasi ya duara. Umeme ukipita kwa koili, karatasi inasukumwa mbele na nyuma, hewa inatikisika, wewe unasikia Bhalo. Basi. Muundo huo ulitolewa na mainjinia wawili wa General Electric kule Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka wa 1925, na spika ya mzee wako kwa stoo ni mjukuu wake wa moja kwa moja. Haina betri, haina waya wa kwenda ukutani, haina akili. Mimi naziita spika kavu, kwa sababu hazina ampu ndani. Zasubiri zisukumwe.

Sasa skiza hii. Spika ya Rice na Kellogg ilipoingia sokoni mwaka wa 1926, jina Radiola 104, iliuzwa na kampuni ya RCA ikiwa na ampu yake ndani ya sanduku lile lile. Yaani spika ya kwanza ya aina hii kununuliwa na mtu ilikuwa kama wufa yako ya leo, ukiondoa taa za rangi. (Na ndio, RCA hio ndo iliyopea jina zile pini nyekundu na nyeupe za nyuma ya DVD.) Kwa hivyo mtu akikuambia spika yenye ampu ndani ni teknolojia mpya, muulize bibi yake alizaliwa lini.

Baadaye ikaja miaka ya redio za valvu, ambapo redio, ampu na spika vyote vilikaa nyumba moja kama familia. Kenya ilianza kurusha matangazo ya redio mwaka wa 1928 kutoka Nairobi, na hapa kwetu baadaye tukawa na kituo chetu, Sauti ya Mvita. Redio ilikuwa moja kwa wengi. Hakuna aliyewaza kuchomoa spika, maana ingekuwa ni kama kumtoa mtu koo ukaliweka kabati.

Kilichotenganisha familia hio ni watu kutaka sauti nzuri zaidi. Kufikia miaka ya 1970 mwenye uwezo alinunua vipande vipande: deki ya kanda, santuri, ampu peke yake, halafu spika mbili za mbao za kuweka pembe mbili za ukumbi. Hapo ndo spika kavu zikatawala. Na hapa ndo historia inaingia Mombasa kwa mlango wa nyuma, kwa sababu vitu hivyo havikuja na tangazo la gazeti peke yake. Vilikuja na watu. Baharia aliyeteremka Kilindini na sanduku. Mjomba aliyekuwa dereva Jeddah akarudi na sistimu nzima imefungwa kwa blanketi. Mama aliyefanya kazi Dubai. Ukiona nyumba ya zamani Kisauni ina spika za futi tatu, uliza ni nani wa familia alikwenda Ghuba, utapewa jina kabla hujamaliza swali.

Na hapo kuna kitu wengi hawajui, nami nilikifahamu kwa fundi mmoja mzee wa Magongo. Umeme wetu ni volti 240. Saudia kwa miaka mingi majumbani walitumia volti 127, na ni mwaka wa 2010 ndo serikali yao iliamua kuanza kuhamia volti kubwa. Marekani ni 120, Japani ni 100. Kwa hivyo ampu nyengine zilikuja Mombasa zikiwa zimewekwa kwa volti ndogo. Baadhi zilikuwa na kiswichi kidogo nyuma cha kugeuza, 110, 127, 220, 240, nyengine hazikuwa nacho kabisa. Mtu anafika nyumbani na furaha yake, majirani wamejaa mlangoni, anachomeka ukutani, moshi. Yule fundi ananiambia ampu za namna hio zimepita mikononi mwake mpaka hazihesabiki. Spika, kwa kuwa ni kavu na hazichomekwi ukutani, zilibaki salama. Mimi naamini hio ni sababu moja kwa nini stoo zetu zina spika nyingi kuliko ampu. Sababu nyengine ni kwamba ampu ina vipuri vingi vya kufa na spika ina vitatu.

Watu walikuwa wanasikiza nini kwa hizo spika? Hapa nitakaa kidogo, vumilieni, maana ndo sababu yangu ya kuandika. Mombasa ya miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa kiwanda cha muziki. Juma Bhalo alikuwa akiimba Kiswahili kizito juu ya mahadhi ya filamu za Kihindi, na mashairi yake mengi yaliandikwa na Ahmad Nassir. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alikuwa na udi wake, mtulivu, mtu wa tungo za kale. Maulidi Juma na kundi lake, na ndani yake Zuhura Swaleh na nyimbo za arusi zenye taishokoto, kile chombo cha Kijapani chenye vibonyezo kama taipureta. Familia ya Assanand ilikuwa na lebo ya Mzuri ya santuri. Halafu ikaja kanda. Philips walitoa kanda ndogo mwaka wa 1963, na ilipofika huku ilibadilisha mambo yote, kwa sababu sasa hukuhitaji kiwanda cha kutengeneza santuri. Ulihitaji deki mbili na subira. Duka kama Mbwana Radio Service likawa ndo mahali unapata taarab, na angalia jina lenyewe: Radio Service. Jina la kazi ya fundi limeandikwa juu ya duka la muziki.

Na nyingi ya kanda hizo hazikurekodiwa studio. Zilirekodiwa arusini, usiku, maikrofoni imefungwa kwa nguzo ya hema, unasikia vigelegele, unasikia mtu anatunzwa, unasikia mtoto analia. Mtu akanakili, jirani akanakili ile nakala. Hakuna kampuni iliyo na nakala kuu ya hizo. Kama ipo, iko kwa kabati ya shangazi yako Timbwani, imeanza kuota ukungu kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi.

Shikilia hapo, nitarudi.

Tuhamie kompyuta. IBM walitoa kompyuta yao ya nyumbani na ofisi, ile PC, Agosti 1981. Ndani ilikuwa na spika moja ndogo, na kazi yake ilikuwa kusema "bip". Ukiiwasha, bip. Ukikosea, bip. Hakuna aliyetarajia muziki kwenye mashine ya hesabu. Waliotaka gemu zao zilie vizuri ndo waliosukuma mambo: mwaka wa 1987 kampuni ya AdLib ya Kanada ikatoa kadi ya sauti ya kuchomeka ndani, na mwaka wa 1989 Creative, kampuni ya Singapore ya jamaa aitwaye Sim Wong Hoo, ikatoa Sound Blaster. Si Marekani, si Japani. Singapore, mji wa bandari kama wetu. Hio nawaachia muiwaze wenyewe.

Sasa hapa ndo penye utamu. Kadi za Sound Blaster za mwanzo zilikuwa na ampu ndogo juu ya kadi yenyewe. Wati 4 hivi kila upande kwa spika za ohm 4. Nyengine zilikuwa hadi na kigurudumu cha kuongeza sauti pembeni. Kwa hivyo kulikuwa na wakati ambapo lile jambo mnajaribu kufanya, kuchomeka spika kavu moja kwa moja kwa kompyuta, lilikuwa linafanya kazi! Spika ndogo za plastiki zisizo na waya wa umeme ziliuzwa kwa ajili hio hio. Kwa hivyo mjomba wako akikuambia "sisi zamani tulikuwa twachomeka tu", usimcheke. Hadanganyi. Kompyuta ya zamani ndo ilikuwa na nguvu hio, yako haina.

Nini kilitokea? Ampu ikahama tena. Ndani ya kasha la kompyuta kuna kelele nyingi za umeme, na ampu ukiiweka humo inakuza kelele hizo pamoja na muziki. Tena inakula nafasi na pesa. Halafu mwaka wa 1997 Intel wakatoa utaratibu wa AC'97, uliofanya sauti kuwa chipu ndogo kwa bodi kuu badala ya kadi ya kununua kando. Kazi ikawa rahisi: kompyuta itoe ishara dogo tu, nguvu itafutwe nje. Microsoft na Intel wakapanga hadi rangi za matundu katika mwongozo wao wa PC 99: kijani cha kutoa sauti, waridi ya maikrofoni, buluu ya kuingiza sauti kutoka nje. Mpaka leo ukiangalia nyuma ya kompyuta ya mezani ni hizo hizo. Ampu ikahamia ndani ya sanduku la spika, pale pale ilipokuwa 1926.

Huku kwetu kompyuta za nyumbani zilikuja kwa wingi zikiwa mitumba, zishatumika ofisi za Ulaya, zikashuka bandarini. Mwaka wa 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, TEAMS mwezi wa sita na SEACOM ikawashwa mwezi wa saba, na polepole muziki ukaacha kuwa kanda ukawa faili kwa flashi. Kompyuta ya mezani ya sebuleni ikawa redio, ikawa sinema, ikawa kila kitu. Na pamoja nayo ikaja wufa.

Wufa, jamani. Sanduku moja la besi na vispika viwili, rimoti, tundu la flashi, taa za buluu zinazowaka kama matatu ya usiku. Siichukii, nimekulia nayo. Lakini tuseme ukweli: nyingi za bei rahisi ni transfoma ndogo na chipu kama TDA2030, ambayo yenyewe ni chipu nzuri ya tangu zamani, inatoa wati kumi na kitu ikitendewa haki, lakini imefungwa kwa kipande cha bati kisichotosha kuipoza, halafu sanduku limeandikwa nje namba ya wati ambayo ukiihesabu ingehitaji laini yako mwenyewe ya umeme. Ikifa, yote inatupwa. Na vile vispika vyake viwili vidogo, kumbe? Ni spika kavu. Vizima kabisa. Vinaenda jaani vikiwa hai.

Ndo nasema hadithi hii si ya teknolojia kupanda ngazi. Ampu ilianza ndani, ikatoka, ikaingia kwa kompyuta, ikatoka, ikaingia kwa wufa, na sasa iko ndani ya simu, ndani ya kila kispika cha Bluetooth. Tena Apple wakaondoa hadi tundu la waya kwa iPhone 7 mwaka wa 2016 na wengine wakafuata. Kila mara anayeamua ampu ikae wapi ni anayeuza. Na kila mara kilichoachwa hakikuwa kibovu.

Haya, kwa nini mbu? Hesabu yake ni ya form two, na mimi niliacha chuo kwa hiari yangu nikiwa mwaka wa pili lakini hii bado ninayo. Spika ya ohm 8 ukitaka ile wati 20, yahitaji kama volti 12.6 na ampea 1.6. Tundu la kijani la kompyuta linatoa volti 1, ikizidi sana 2. Si volti tu. Tundu hilo limetengenezwa kuongea na mlango wa ampu wenye ohm elfu kumi au zaidi, ambao unakunywa sehemu moja ya elfu kumi ya ampea. Wewe unaliunganisha na ohm 8. Ni kama kumwomba mtu anayenong'ona avute mkokoteni. Hedifoni zalia kwa sababu ziko ohm 32 na ziko ndani ya sikio lako. Ukilazimisha spika kubwa, kwanza unapata sauti ya mbu, pili unaichosha ile chipu bure.

Sasa namna ya kufunga. Unahitaji vitu vitatu.

Ya kwanza, ampu. Kama ile ya mzee ingali hai, tumia hio, hakuna zaidi. Angalia kiswichi cha volti nyuma KABLA ya kuchomeka, nshawaambia habari ya moshi. Kama imekufa na hujui umeme, usiifungue mwenyewe: zile kapasita kubwa zashikilia umeme hata ikiwa imechomolewa. Mpelekee fundi. Mafundi wa bara letu wamefunzwa na matatu na disco matanga, serikali ikapiga marufuku disco lakini ujuzi hawakuupiga marufuku. Hawa watu wanajua ampu.

Kama hakuna ampu, kuna vibodi vidogo siku hizi, vya aina inayopoteza umeme kidogo sana kwa joto. Kile cha chipu ya PAM8403 kinatumia volti 5 na kinatoa wati 3 hivi kila upande, chatosha vile vispika vya wufa iliyokufa. Kikubwa zaidi ni cha TPA3116. Hiki kinakubali mpaka volti 24 bila wasiwasi, na hapa mungu awape nini: chaja ya laptopu iliyokufa ni volti 19. Kila nyumba ina moja. Laptopu ilikufa, chaja ikabaki kwa droo. Hio ndo umeme wako.

Usiogope wati ndogo. Spika kubwa za zamani nyingi zalia kwa nguvu hata ukizipa wati moja, kwa sababu zilitengenezwa wakati wati ni ghali. Wati tano halisi kwa chumba cha Mshomoroni na jirani atakuja kubisha.

Ya pili ni waya: upande mmoja pini ya AUX, upande wa pili pini mbili za RCA, nyekundu kulia, nyeupe kushoto. Kutoka tundu la kijani mpaka mlango wa ampu. Halafu kutoka ampu mpaka spika, waya wa kawaida wa nyuzi mbili, na usitumie ule mwembamba kama nywele kama spika iko mbali.

Ya tatu ni akili, na hapa ndo wengi wanachoma. Hivi vibodi vya kisasa vinasukuma spika kutoka pande zote mbili za waya. Maana yake ule waya mweusi wa spika ya kushoto na mweusi wa kulia HAZIKUTANI. Kwa gari la zamani na ampu nyengine za zamani watu walikuwa wanaunga nyeusi zote pamoja, na inafanya kazi. Hapa unaunga pamoja, bodi imekwenda. Halafu angalia nyuma ya spika imeandikwa ohm ngapi. Nane ni raha, nne ni sawa. Zile za home theatre nyingi zimeandikwa 3, hizo usizipandishe sana sauti. Ukiunga spika mbili za ohm 8 kwa mlango mmoja sambamba zinakuwa 4, kwa hivyo nne usizifululize hivyo ovyo.

Kama maandishi ya nyekundu na nyeusi yameliwa na kutu (na bahari itayala, hii si Nakuru), chukua betri ya rimoti, volti 1.5, gusisha kidogo tu kwa nyuzi za spika. Karatasi ikiruka mbele, upande uliogusa chanya ndo mwekundu. Ikiingia ndani, geuza. Fanya zote mbili ziwe sawa. Ukikosea hapo muziki utasikika lakini besi itapotea, moja inavuta hewa wakati ya pili inasukuma, na utamlaumu fundi bure. Na ule mpira au sponji wa ukingo ukikuta umekuwa unga ukiugusa, spika haijafa. Ni ukingo tu, unabandikwa mwengine.

Ukisikia mlio wa "zzzz" unaobadilika ukisogeza mausi, ni kwa sababu umeipa bodi umeme kutoka USB ya kompyuta hio hio. Tumia chaja ya kando.

Kuna mtu atasema, si ninunue tu kispika cha Bluetooth? Nunua. Sikuzuii. Ni pesa yako. Lakini kispika cha Bluetooth hakina pa kurudi nyuma. Na hapa narudi kwa zile kanda za shangazi wa Timbwani.

Lile tundu la buluu nyuma ya kompyuta ya mezani lipo kwa ajili ya kazi hii: deki ya kanda, waya wa RCA, tundu la buluu, na programu ya bure ya Audacity, ambayo ipo tangu mwaka wa 2000. Laptopu nyingi hazina hilo tundu, kwa hivyo ile kompyuta nzee ya mezani mnayotaka kuiuza kwa kilo, shikilia kwanza. Kanda ya dakika 60 itachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Bhalo amefariki 2014. Zein amefariki 2016. Waliokuwa wakipiga nyuma yao, waliopiga tari, walioshika ile maikrofoni kwa nguzo ya hema, majina yao hayako popote ila kwa sauti ya mtu kwenye kanda akiwataja mmoja mmoja kabla ya wimbo kuanza.

Nimefanya kanda kumi na moja mpaka sasa, za familia yetu na za majirani. Mwanzo nilikuwa naskiza kwa hedifoni nikifanya, nikadhani nasikia kila kitu. Siku niliyozipitisha kwa spika za mbao, wazee wawili waliokuwa kibarazani waliingia ndani bila hodi. Mmoja akasema hio ni arusi ya Mtongwe na akataja ya nani. Wa pili akambishia, akasema hapana, Mtongwe hakukuwa na yule mpiga fidla, hii ni ya Ng'ombeni, na hio sauti ya anayetunza ni ya marehemu kakake. Tukarudisha nyuma. Tukarudisha tena. Nimeandika majina sita kwa lebo ya ile faili, na la saba bado wanabishana.

Kama una kanda kwenu na huna deki, nitumie ujumbe, iko moja Kisauni yafanya kazi. Kuja na kanda zenyewe, usije na picha.